Mtu wa Benki Kuu

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote swali, Inspekta Kituku aliomba aonyeshwe mkebe.

Mama Tryphena aliushusha kutoka darini, juu ya mafiga, akampa kwa mikono miwili. Ulikuwa mkebe wa biskuti, mweusi tititi kwa masizi, na kifuniko chake kilibana hata ikabidi kukifungua kwa kisu. Ndani hamkuwa na kitu. Kituku aliuinamia akanusa. Harufu ya kuni ilikuwa imekolea kwenye bati lenyewe.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa sitini na saba. Jua lilikuwa limeshapanda, lakini ukungu wa Werugha ulikuwa bado umelalia matuta ya kabichi. Wanawake wa kikundi cha maji walisimama huko nje wamejifunga leso. Kwa miaka miwili walikuwa wakichanga pesa za mabomba ya kuteremsha maji kutoka kwenye chemchemi hadi majumbani. Alhamisi iliyopita mtu mmoja aliyevaa koti la kaki aliingia jikoni humu akajitambulisha kuwa mtu wa Benki Kuu. Akasema noti za zamani za Afrika Mashariki zimekwisha kufa, nchi sasa ina noti zake yenyewe, na yeye ametumwa kuwahurumia wananchi: ukimpa shilingi mia ya zamani, anakupa hamsini mpya. Mama Tryphena, mweka hazina, alimpa mchango wote, na noti mpya alizopewa akazifunga kiunoni. Jumapili, baada ya ibada, mwalimu wa shule ndiye aliyemwambia kwamba noti za zamani bado zinatumika hadi katikati ya Septemba, na kwamba serikali inazibadilisha shilingi kwa shilingi, bila kukata hata senti.

"Bwana Inspekta, mwizi si mnaye?" Mama Tryphena alisema. "Yule Mkamba wa lori. Mlimshika jana, na sisi tuliona kwa macho yetu yule mtu wa koti akipanda lori lake."

Hakuongeza kwamba Inspekta naye ni Mkamba. Hakukuwa na haja. Macho ya wanawake pale mlangoni yalikuwa yakisema hivyo tangu Land Rover ya polisi ilipoingia kijijini.

"Mama," Kituku alisema, "mimi ni mtu wa Mwala. Ndambuki ni mtu wa Mtito Andei. Kama ndiye, nitampeleka kortini mimi mwenyewe. Na kama siye, mwenye pesa zenu amekaa mahali sasa hivi anakunywa chai, anafurahi kwamba sote tunamtazama Ndambuki. Sasa niambie. Ukiziona noti zenu, utazitambua?"

"Noti ni noti."

"Hazikuwa na alama yoyote?"

Mama Tryphena alisita. Alionekana kuona haya kidogo. "Tulikuwa tunazishona."

"Mnazishona?"

"Kwa sindano na uzi mweusi, hapa kwenye kona. Mchango wa kila mwezi fungu lake. Mtu asije akachomoa moja bila wengine kujua. Yule mtu alipoona alicheka. Akasema huko benki hawajapata kuona noti zenye mshono kama shuka."

Kituku alimtazama Sajini Danson, msaidizi wake, mwenyeji wa milima hii. Danson aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia.

"Alikaa wapi alipoingia?"

Mama Tryphena alionyesha benchi la ukutani. Hapo mama mkwe wake, Nyanya Wakesho, aliyekuwa akichochea moto muda wote kama kwamba hakuna mgeni, alisema maneno marefu kwa Kidawida, lugha ya milima hiyo, bila kugeuka. Danson alisikiliza, akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Nyanya anasema alitaka kukikalia kile kigoda pale. Yeye akamwambia mkwewe kwamba mguu wa kigoda umelegea, mgeni ataanguka. Yule mtu akahamia benchi."

"Alimwambia mkwewe kwa lugha gani?"

"Kidawida, Afande. Nyanya hajui nyingine."

"Na wewe, Mama Tryphena, ulimtafsiria mgeni?"

"Mimi? Hata sikuwa nimegeuka. Nilikuwa nachukua vikombe. Nilipogeuka alikuwa ameshakaa kwenye benchi."

"Yeye alikuwa anazungumza nanyi kwa lugha gani?"

"Kiswahili tu. Tena Kiswahili safi cha pwani. Alisema yeye ni mtu wa Mombasa, hajawahi kufika milimani."

Kituku alisimama, akaenda mpaka kwenye kigoda, akakitikisa kwa kidole. Mguu mmoja ulicheza. Kisha alipiga magoti mahali alipokuwa ameinama Nyanya Wakesho, akatazama kigoda kutoka pale. Kizee alikuwa amempa mgeni mgongo. Hakuonyesha kwa mkono, wala kwa jicho.

"Ndambuki ananunua kabichi hapa tangu lini?" aliuliza.

"Huu mwaka wa nne."

"Anajua Kidawida?"

Mwanamke mmoja mlangoni alijibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake haikuwa na uchungu. "Anajua salamu ya 'kwawuka' peke yake. Bei tunamhesabia kwa vidole."

Kituku aliwaacha wenyewe walifikirie jambo hilo, akaaga.

*

Ndambuki alikuwa amekaa sakafuni katika seli ya Voi, kitambaa kimemfunika nusu ya kichwa mahali jiwe lilipompata. Kioo cha mbele cha lori lake kilikuwa kimepasuliwa. Alipomwona Kituku alianza kwa Kikamba, na Kituku akamkatiza.

"Kiswahili, Bwana Ndambuki. Sajini asikie kila neno."

"Sawa. Yule mtu alinisimamisha pale pale Werugha. Akaniomba lifti mpaka Voi. Nikamwambia mbele nimejaza mayai. Akakaa nyuma juu ya kabichi, na begi lake amelipakata kama mtoto."

"Alishukia wapi?"

"Pale reli inapokatiza barabara. Nikamwambia nakwenda mpaka sokoni, akasema hapo panamtosha. Akatembea kuelekea stesheni."

"Alikulipa?"

"Alitaka. Alinitolea noti ya shilingi tano, ya zamani, ile yenye kichwa cha malkia. Nikamwambia aweke, lifti ni bure."

"Ya zamani. Una hakika?"

"Afande, nauza mboga. Pesa ndiyo naishika kutwa nzima."

Mtu aliyewaambia wanawake asubuhi kwamba noti hizo zimekufa, adhuhuri alikuwa tayari kulipia lifti kwa noti hizo hizo. Kituku alimwagizia Ndambuki uji na daktari. Hakumwachilia. Nje ya kituo bado kulikuwa na vijana wenye mawe, na seli ilikuwa mahali pa salama kwake kuliko lori lake.

*

Benki Kuu ya kweli ilikuwa imefika Voi kwa meza moja, sanduku la chuma, askari wawili na mwanamke kijana mwenye miwani. Aliitwa Bi Elsie, binti wa mkulima wa ndizi wa Mboghoni. Alikuwa ametumwa kutoka Nairobi kuzunguka wilaya nzima, kueleza watu na kuwabadilishia noti kabla ya tarehe ya mwisho. Meza yake ilikuwa barazani mwa ofisi ya tarafa, na foleni ilizunguka jengo.

Kituku alimweleza yaliyotokea. Bi Elsie alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Alitumia jina letu," alisema. "Inspekta, benki yenyewe haijatimiza mwaka. Mtu wa Werugha hajapata kumwona mtu wetu hata mmoja, na wa kwanza kumwona akawa huyo."

"Nieleze kitu kimoja, Madam. Noti za zamani zilikuwa na ubaya gani? Nimelipwa mshahara kwazo miaka kumi na minne."

"Hazikuwa na ubaya. Lakini hazikuwa zetu. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu, na Bodi ilianzia London. Ili shilingi moja itoke, pauni zake ziwekwe kwanza Uingereza. Mwaka wa mavuno mazuri, wakulima wamejaza maghala, benki zinatafuta pesa za kununulia mazao. Bodi haikuwa na ruhusa ya kuuliza mvua imenyesha wapi. Ilikuwa kama mashine tu: leta pauni, chukua shilingi." Alivaa miwani yake tena. "Sasa benki zikikaukiwa msimu wa mazao, zinakuja kwetu. Serikali inaweka pesa zake kwetu. Pesa za kigeni za nchi tunazitunza sisi. Na kila noti inayotoka, kuna mtu Nairobi anayejibu kwa ajili yake. Baba yangu anauza ndizi soko la Taveta. Watu wa Tanzania wanamjia na noti zao, yeye ana zake. Mwanzoni alilalamika, hesabu zimekuwa mbili. Siku hizi akikunja noti ya Kenya anaipapasa kwanza. Anasema hii imetoka kazini kwa binti yangu."

Kituku alitazama foleni. Makarani wa reli, vibarua wa mkonge, mama mmoja na kuku mikononi, wote wameshika noti zilizochakaa, na hapakuwa na mtu wa kusukumana. Kila mmoja alifika mezani na karatasi ya utawala uliokwisha ondoka, akageuka na pesa ya nchi yake. Alikuwa amepita hapo siku mbili bila kusimama kutazama. Sasa alisimama.

"Madam," alisema baadaye, "mtu akiiba ng'ombe anaweza kumchinja, au kumvusha mpaka. Akiiba noti hizi, zina wiki tatu. Benki ya hapa mjini karani wake anamjua kila mteja, na kazi yake kubwa ni hundi za mashamba ya mkonge. Kwa mtu asiyetaka kuulizwa maswali, Voi nzima ina mlango mmoja wa kuziingiza."

Bi Elsie alielewa mara moja. Alisogeza kiti chake.

"Nitahitaji karani wa kufunga mabunda," alisema. "Ukivua hiyo kofia, utafaa."

*

Kwa siku mbili Inspekta Kituku alifunga mabunda ya noti akiwa amevaa shati jeupe la kukopa. Utaratibu wa Bi Elsie ulikuwa ule ule kwa kila mtu. Anasalimu. Anahesabu mbele ya mwenyewe. Kisha anainua kila noti dhidi ya mwanga, anamtafuta kifaru, alama ya siri iliyofichwa ndani ya karatasi, akimwona anailaza noti mezani. Wengine walinung'unika kwamba anachelewesha. Hakuongeza haraka wala hakupunguza.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, alifika Bwana Zephaniah. Kituku alimfahamu, kama Voi yote ilivyomfahamu: mzaliwa wa Wusi, huko huko milimani, mwenye hoteli ya chai na maandazi karibu na stesheni, mtu wa kuchangia kila harambee. Alivaa suti. Alimsalimu Bi Elsie kwa heshima, akatoa bahasha nene.

"Mauzo ya hoteli, Madam. Wateja wangu ni watu wa treni, bado wanalipa kwa hizi za zamani."

Bi Elsie alifungua bahasha. Kituku aliona pua yake ikijikunja kidogo.

"Zinanuka moshi," alisema.

Zephaniah alicheka. "Unapika maandazi kwa nini, Madam, kama si kuni? Njoo hotelini uone. Hata mimi nanuka moshi, muulize mke wangu."

Watu wa foleni walicheka pamoja naye. Lilikuwa jibu zuri, na Bi Elsie hakubishana nalo. Alihesabu. Kisha akainua noti ya kwanza kwenye mwanga, akaishikilia pale kitambo. Akainua ya pili, na ya tatu. Katika kona ya kila moja mwanga ulipenya kwa vitundu viwili, vimekaribiana, vidogo kama vya kuumwa na siafu.

"Bwana Zephaniah," aliuliza kwa upole, "hoteli yako inashona noti?"

Kicheko kilimwisha usoni. Lakini hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja.

"Hizo? Hizo basi ni za yule Mkamba wa kabichi. Alikuwa na deni langu. Alinilipa Alhamisi jioni." Aligeuka kuwakabili watu wa foleni, na sauti yake ikapanda. "Kumbe ndizo pesa za akina mama! Huyo mtu amenitia mimi katika balaa!"

Foleni ilivuma. Kijana mmoja akataja lori. Kituku aliinuka polepole kutoka kwenye mabunda yake, akavaa kofia yake ya polisi, na mvumo ukapungua.

"Inawezekana," alisema. "Tuingie ndani uandikishe maelezo. Kuna watu humo wangependa kukusikia."

Katika chumba cha ndani walikaa Mama Tryphena na Nyanya Wakesho. Kituku alikuwa amewaomba washuke Voi kila asubuhi wakae tayari, na gari la polisi ndilo lililowaleta. Mama Tryphena alimtazama mtu wa suti, uso mpaka viatu, akasitasita.

"Yule alikuwa na masharubu," alisema. "Na miwani. Sauti inafanana, lakini siwezi kuapa, Bwana Inspekta. Siwezi kumfunga mtu kwa kufanana."

Zephaniah alishusha pumzi. "Asante, mama. Mungu akubariki."

Ndipo Nyanya Wakesho aliponyoosha fimbo yake kumwelekea na kusema jambo kwa Kidawida, kwa hasira nyingi. Danson alifungua mdomo atafsiri. Hakuwahi.

"Uongo!" Zephaniah aling'aka. "Mimi sikukivunja kigoda chako! Sikukikalia kabisa! Kilikuwa kimevunjika tangu..."

Nje, barazani, sauti ya Bi Elsie ilisikika ikimsalimu mtu mwingine.

"Sajini," Kituku alisema, "Nyanya alisema nini?"

"Alisema, Afande, 'Huyu alinivunjia kigoda changu jikoni, kabla ya mengine yote anilipe.'"

Jioni hiyo hotelini, nyuma ya magunia ya sukari, walikuta koti la kaki, masharubu ya kubandika, miwani isiyo na nguvu yoyote, na noti zilizobaki, mafungu mengine yakiwa bado na uzi mweusi.

*

Ndambuki alitoka selini akarudishiwa ufunguo wa lori. Wanawake wa Werugha walikuwa wamejaa uani mwa kituo. Mama Tryphena alimwendea.

"Tutakulipa kioo," alisema.

"Kioo kina bei," Ndambuki alisema, akigusa kitambaa cha kichwani. Akamtazama Nyanya Wakesho aliyekuwa amechoka, ameegemea fimbo. "Nyanya atakaa mbele. Ninyi wengine mtakaa nyuma, na mjishike, upepo utaingia sana leo."

Lakini hawakuwa tayari kuondoka. Ndani, mezani kwa Kituku, lililala bunda la noti, na juu yake karatasi ya kielelezo cha mahakama.

"Tutazipata lini?" Mama Tryphena aliuliza.

Hilo ndilo swali Kituku alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi. "Kesi ikiisha. Hakimu hataisikiliza kabla ya Oktoba."

"Septemba zinakufa." Safari hii neno hilo lilikuwa la kweli. "Kwa hiyo mwizi alitupa nusu, na serikali itatupa karatasi."

Bila vitundu vile hapakuwa na kesi. Zikibadilishwa, zingepelekwa Nairobi kuchomwa pamoja na nyingine zote. Zisipobadilishwa, mabomba yangebaki dukani Mombasa.

Bi Elsie, aliyekuja kuandikisha ushahidi wake, alikuwa ameketi pembeni. Aliomba simu. Ilichukua muda mrefu kupata laini, na akarudia maelezo mara mbili kwa watu wawili tofauti. Kisha alisikiliza. Akaitikia. Akakata.

"Benki itazinunua leo," alisema. "Shilingi kwa shilingi, zote. Kuanzia hapo ni mali ya Benki Kuu, na Benki Kuu haitazichoma. Zitakaa kwenye bahasha yako, Inspekta, kwa muhuri wangu na wako. Hakimu akiziita Oktoba, nitakuja mimi kuzitambulisha. Mkubwa wangu anasema zikifa zikiwa mikononi mwetu, hasara si ya mtu yeyote. Ila lazima hakimu aridhie."

Kituku alishika kofia yake akatoka mwenyewe, kwa miguu, hadi kortini. Aliporudi alikuwa na sahihi ya hakimu.

Malipo yalifanyika pale pale, mchana kweupe, mlango wazi, kila mwanamke akishuhudia. Kwa kuwa zile noti mpya walizopewa mwanzoni zilikuwa zimetoka mfukoni mwa Zephaniah, hizo Kituku aliziandika kando, zimsubiri hakimu. Hakuna mwanamke aliyebisha. Walitaka zao tu.

Nyanya Wakesho alipewa noti moja mpya aishike. Aliigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akauliza jambo.

"Anauliza," Danson alisema, "na hii nayo itakufa?"

Bi Elsie aliinuka akaja kukaa karibu naye. "Mwambie ndiyo, iko siku itabadilishwa. Lakini siku hiyo tutakuja na meza, mchana, mbele ya watu wote, na tutampa shilingi kwa shilingi. Mtu akimpa nusu, huyo si mtu wetu. Ampige kwa fimbo hiyo."

Danson alitafsiri yote, pamoja na fimbo. Kizee alimkazia macho binti wa Mboghoni kwa muda mrefu. Kisha akafungua fundo katika pindo la leso yake, moja, na jingine ndani yake, akatoa noti ya zamani ya shilingi ishirini iliyokunjwa ikawa ndogo kama punje ya hindi, akaiweka mezani.

"Mama!" Mama Tryphena alishangaa. "Hii nayo umeitoa wapi?"

Nyanya Wakesho alikuwa ameshanyoosha mkono, anasubiri mpya.